Ufa Ulio Nyuma ya Nyumba

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Tumeizoea methali hii hadi tunaisikia kama kemeo kwa mvivu. Lakini waliotuachia waliijua nyumba. Katika vijiji vya pwani, nyumba ya fito na udongo hukandikwa upya kabla ya masika, na mwenye nyumba hakimbilii kuziba. Kwanza huizunguka, akafika mpaka nyuma ya jiko, mahali asipopita mgeni. Methali inataja kuziba, lakini kuna kitendo kilichotangulia ambacho haikukitamka, nacho ni kuangalia. Hakuna azibaye ufa asiouona.

Mwili nao una nyuma yake. Mtu hutembea na presha ya 160 kwa 100 miaka na miaka, analima, anacheka, anacheza ngoma harusini, wala haumwi popote. Shirika la Afya Duniani limewahi kukadiria kuwa watu wazima bilioni 1.28, wenye umri wa miaka 30 hadi 79, wana shinikizo la juu la damu, na asilimia 46 kati yao hawajui kuwa wanalo. Sukari nayo huanza kimya vivyo hivyo. Saratani ya mlango wa kizazi huweza kuchukua miaka 15 hadi 20 tangu chembe zianze kubadilika, na katika muda huo muuguzi aliyefunzwa anaweza kuyaona mabadiliko hayo kwa kupaka asidi ile ile iliyomo kwenye siki na kutazama kwa macho. Miaka 15 ya nafasi ni mingi, ila ni kwa anayekwenda kutazamwa.

“Ukitafuta ugonjwa utaupata.” Maneno haya nimeyasikia kwa watu ninaowapenda, na siyadharau. Ndani yake mna hofu ya kujua, mna nauli, mna kibarua cha siku kinachopotea kwenye foleni. Lakini mwenye nyumba anayezunguka ukuta wake haleti ufa kwa kuutazama. Ufa ulikuwepo jana yake.

Wala fundi mwashi hazibi kila ufa. Anajua nyufa za lipu, zilizo juu juu, na anajua ufa uliotoka kwenye msingi. Akiwa na shaka huchora mstari wa penseli pale ufa unapoishia, akaandika tarehe, akaenda zake. Akirudi hutazama kama ufa umeuvuka mstari. Hapa ndipo ninapoiona faida ya kumwendea daktari yule yule kila mwaka, hata kama ni tabibu wa zahanati ya jirani. Kipimo kimoja husema machache. Namba ya juu ya presha ikisoma 134 leo, daktari mgeni ataona namba tu. Aliyeandika 112 mwaka juzi na 123 mwaka jana ataona mwendo, na atakumbuka kuwa mama yako aliondoka kwa kiharusi. Kwa hiyo simshauri mtu akapimwe kila kinachopimika. Vipimo visivyo na sababu hula pesa na kuzua hofu ya bure. Presha, uzito, sukari, na yale ambayo umri na ukoo wako vinayadai, yakiandikwa na kulinganishwa, yanatosha kuwa mstari wa penseli.

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliliona kwa uchungu somo la ufa uliochelewa kuzibwa. Beit al Ajaib, jumba alilojenga Sultani Barghash mwaka 1883, lilipoteza sehemu ya roshani yake mwaka 2012. Tarehe 25 Desemba 2020, mafundi wakiwa kazini wakilikarabati, sehemu kubwa ikaporomoka na watu wawili wakafa. Tiba ilikuwa imefika, lakini maradhi yalikuwa yametangulia.

Tena methali ina huruma kuliko mwili. Inasema utajenga ukuta, yaani utataabika, ila nyumba itasimama tena. Figo hazijengwi. Zikishashindwa kazi, mgonjwa huunganishwa na mashine, kwa kawaida mara tatu kwa wiki, kwa muda wa yapata saa nne kila mara. Sehemu ya ubongo iliyokufa kwa kiharusi nayo haikandikwi.

Na kuangalia huku si kugeni kwetu. Mtoto hupelekwa kliniki kupimwa uzito mwezi baada ya mwezi, ana kadi yake, na mama huutazama mstari unavyopanda. Mstari ukilala, muuguzi huuliza mtoto anakula nini. Akifikisha miaka mitano kadi hukunjwa, ikawekwa sandukuni chini ya kanga. Mwenye kadi sasa ana miaka 45 na watoto wanne, na presha yake haijui. Ukiifungua kadi utaukuta mstari pale ulipoachwa.