Kumtaja Mnyama wa Pichani: Suala la Ukweli

Mtu anapomnyooshea kidole mnyama aliye katika picha na kusema, "Huyu ni fulani," je, amefanya nini? Wengi watajibu kwamba ametaja jina tu, na kwamba jambo lenyewe halina uzito. Sisi twaona vinginevyo. Kutaja jina ni kutoa ushahidi, na kila atoaye ushahidi anadaiwa mambo mawili: aseme alilo na hakika nalo, na anyamaze pale hakika yake inapokoma. Makala haya yanakusudia kulichunguza deni hilo, maana sisi walimu wa Kiswahili katika nchi hizi jirani huulizwa swali lenyewe mara kwa mara. Wasafiri na wanafunzi hurudi kutoka mbuga na misitu ya Uganda, Rwanda na mashariki ya Kongo wakiwa na picha walizozipiga safarini, wakauliza: "Mwalimu, huyu anaitwaje?"

Kwanza yafaa tufikiri picha ni kitu gani. Picha huonyesha yaliyokuwako, lakini huonyesha machache. Haina sauti, haina harufu, haina mwendo. Mnyama akisimama peke yake uwandani, pasipo mti wala mtu karibu naye, hatuwezi kujua kama kimo chake ni cha mbuzi au cha ng'ombe. Jua la jioni humvika wekundu mnyama aliye wa kijivu, na mtoto wa mnyama aghalabu hafanani na mzazi wake. Aliyepiga picha aliyaona mengi ambayo mtazamaji wa picha hakuyaona. Kwa hiyo kabla ya kulijibu swali lake, hatuna budi kumwuliza yetu: ulikuwa wapi, saa ngapi, naye alikuwa akifanya nini?

Hata hivyo isidhaniwe kwamba picha haitoshi kamwe. Chukueni mfano wa chui na duma. Wako wasemao Kiswahili ambao huwaita wote wawili chui, kwa kuwa wote wana madoa. Lakini madoa ya duma ni duara zilizojaa weusi, na ya chui yamekusanyika mafungu mafungu mfano wa maua. Tena usoni mwa duma imeshuka mistari miwili myeusi, kutoka pembe za macho hadi kinywani, kana kwamba ni njia za machozi. Chui hana mistari hiyo. Picha ya uso ikiwa wazi, mwalimu atamke jina bila kusita. Akatayesema "sijui" hapo si mnyenyekevu, bali ni mvivu wa kutazama.

Hali hubadilika tukiingia msituni. Katika msitu wa Bwindi, kusini-magharibi ya Uganda, wamo gorila na wamo pia sokwe wale wadogo, yaani sokwe mtu. Msafiri akituletea picha ya bega jeusi na mkono mweusi katikati ya majani, tuseme nini? Lau tungaliona sikio, tungalijua, maana sikio la sokwe mtu ni kubwa na la gorila ni dogo. Lau picha ingalipigwa katika msitu wa Kibale, mahali penyewe pangalitusaidia, kwa kuwa huko sokwe mtu wapo na gorila hawapo. Lakini kwa bega peke yake, katika Bwindi, jibu la kweli ni hili: "Ni mmoja kati ya hawa wawili." Hapo tena lugha yetu yatutaka tuangalie, kwa sababu neno sokwe wengi hulitumia kwa wanyama wote wawili, hali Mnyarwanda anapomtaja gorila humwita ingagi. Mwalimu akijibu "sokwe" tu, msikilizaji huenda akadhani amepewa jibu kamili, kumbe amepewa nusu.

Iko hadithi ya kweli iwezayo kutufunza zaidi kuliko mifano hii, nayo ilipita katika nchi zetu wenyewe. Mnamo 1900 Harry Johnston, aliyekuwa mtawala wa Kiingereza katika Uganda, alifika msitu wa Ituri akimtafuta mnyama ambaye Wambuti walikuwa wakimjua vyema, bali wataalamu wa Ulaya hawakuwa wamepata kumwona. Johnston alikuwa amekwisha kujiaminisha kwamba mnyama huyo ni wa jamii ya farasi na punda. Wenyeji walipomwonyesha nyayo zake ardhini, naye akaona kwamba ukwato umepasuka, hakuziamini. Alidhani ni nyayo za mnyama mwingine, kwa maana ukwato wa farasi haupasuki. Alichokipata ni vipande vya ngozi yenye milia, akavipeleka London. Mwaka 1901 mtaalamu Philip Sclater, akiwa na vipande hivyo tu mbele yake, alimpa mnyama jina la jamii ya punda milia, lakini kando ya jina hilo aliweka alama ya kuuliza. Mwaka huo huo yaliletwa mafuvu ya kichwa na ngozi kamili, ikadhihirika kwamba jamaa yake wa karibu ni twiga. Mnyama huyo ndiye okapi.

Tuwapime watu hao. Wambuti walikuwa na elimu kamili, wala hawakusikilizwa. Johnston alikuwa na ushahidi miguuni pake, akaukataa kwa sababu jibu alikuwa nalo kabla ya kuuliza. Sclater alikosea jamii ya mnyama, lakini hakumdanganya mtu, kwa kuwa ile alama ya kuuliza ilimwambia kila msomaji mahali elimu yake ilipokoma. Kwa maoni yetu, tofauti baina ya kukosea na kudanganya imo katika alama hiyo. Binadamu hawezi kuahidi kwamba hatakosea kamwe. Aweza kuahidi kwamba hataificha shaka yake. Na kipande cha ngozi cha wakati ule ni ndugu wa picha ya leo: vyote viwili ni sehemu ya mnyama iliyosafirishwa mbali na mahali pake, ikawekwa mbele ya mtu ambaye hakuwapo.

Yamkini msomaji atatupinga akisema: "Msafiri ataka jina tu, aliandike chini ya picha yake. Hasara iko wapi?" Hoja hii ina nguvu, nasi hatuipuuzi. Lakini tutazame picha hizo hutumiwaje siku hizi. Mwezi wa Januari 2016, huko Kenya, mamia ya watu, wengi wao wakiwa raia wa kawaida, walitumwa kuwapiga picha punda milia wa Grévy, ambao ni wachache sana duniani, ili wapate kuhesabiwa. Milia ya kila punda milia ni yake peke yake, kama alama za vidole vyetu. Kwa hiyo mnyama aliyepigwa picha mara mbili hutambulikana, asihesabiwe mara mbili. Lakini katika sehemu hizo huishi pia punda milia wa kawaida. Yule wa Grévy ana milia myembamba, tumbo jeupe na masikio makubwa ya duara. Anayewachanganya huiharibu hesabu, na hesabu ikiharibika, wanaomlinda mnyama hulinda wasichokijua. Jina lililotamkwa kwa mzaha nyumbani ndilo hulea mazoea yatakayotumika siku ya kazi.

Siku hizi ziko pia programu za simu zitajazo jina la mnyama mara tu zionyeshwapo picha yake. Hatuzilaumu, zinafanya mambo ya ajabu. Ila tukumbuke kwamba zilijifunza kutokana na picha ambazo watu walikwisha kuzipa majina, na makosa ya mwalimu hurithiwa na mwanafunzi. Hata katika iNaturalist, iliyoanzishwa 2008, ambako watu wa nchi nyingi huweka picha zao, picha haipewi daraja ya juu kwa neno la mtu mmoja. Sharti iwe na tarehe na mahali ilipopigwa, na zaidi ya theluthi mbili ya waliomtambua mnyama wawe wamekubaliana. Tena mtu anaruhusiwa kusimama kwenye jamii ya mnyama pasipo kutaja aina yake. Twaona ruhusa hiyo ni ya heshima kubwa, kwa kuwa inakiri kwamba kujua kuna ngazi, na kwamba asimamaye kwenye ngazi ya chini kwa haki ni bora kuliko arukaye juu kwa kubahatisha.

Ndugu walimu, Kiswahili hakina upungufu wa maneno ya ngazi hizo. Tunayo "hapana shaka", tunayo "yaelekea", "huenda", "yamkini", na "ni wa jamii ya". Mara nyingi twayafundisha maneno haya kama mapambo ya sentensi, kumbe ni vipimo vya ukweli. Mwanafunzi aletapo picha, tusimpe jina upesi ili tuonekane wajuzi. Tumwagize aseme kwanza alichokiona: rangi, masikio, kwato, mahali. Kisha achague neno linalolingana na kiasi cha ujuzi wake. Na ikiwa picha ilipigwa karibu na kijiji cha watu waishio na mnyama huyo, tumwambie arudi akawaulize wao, aandike na jina walitumialo. Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Nyayo za okapi zilikuwa wazi ardhini tangu siku ya kwanza. Waliokuwa wakizisoma walikuwapo, nao walikuwa tayari kumwelekeza yeyote ambaye angalikubali kuelekezwa.