Mkonga

Ukinunua kitu, je, unanunua na wajibu wake? Swali hili nimelisikia likitupwa kijiweni mara nyingi, kuhusu mbwa, kuhusu bastola, hata kuhusu simu ya mkononi. Mimi linanisumbua kuhusu gari. Na si gari la kutesea mjini, la hasha. Ni gari gumu la chuma, lisilo na makeke, ambalo familia yetu ililinunua jipya, Januari 2025.

Nasema familia kwa sababu hakuna mmoja wetu ambaye angeliweza peke yake. Mimi na mke wangu, dada yangu na shemeji, tuliuza kiwanja alichotuachia mama kule Kibaha, tukaongeza mkopo ambao bado unatutoa jasho, tukachukua Land Cruiser ya milango minne, katika ule ukoo wa 70 ambao huku kwetu tunauita mkonga. Jina limetokana na bomba linalopanda ubavuni mpaka usawa wa paa, ili injini ivute hewa ya juu hata magurudumu yakiwa majini. Jamaa wa kijiweni walishika vichwa. Kwa fedha ile, walisema, mngepata shangingi la mtumba lenye viti vya ngozi, friji katikati na runinga ya watoto nyuma. Ninyi mmekwenda kununua gari la polisi!

Hawakukosea sana. Ukoo huu wa magari ulitoka Japani mwaka 1984, na tangu hapo sura yake imeguswaguswa tu. Injini ya letu ni ya dizeli, silinda sita, lita 4.2, haina tabo, na ni ya aina iliyoanza kutengenezwa mwaka 1990, wakati baadhi yenu wasomaji hamjazaliwa. Vioo ni vya kuzungusha kwa mkono. Ukitaka magurudumu yote manne yavute, unashuka, unazungusha kifungo katikati ya kila gurudumu la mbele, halafu unarudi kuvuta kigiya cha pili, kile kifupi. Klachi inadai mguu wa mtu aliyekula ugali. Kuligeuza pale Kariakoo ni shughuli ya kuomba radhi mbele na nyuma, na lita moja ya dizeli haivuki kilomita nane. Springi za nyuma ni zile za vyuma vilivyopangwa kama za lori, kwa hiyo likiwa tupu linaruka kama mbuzi, likijaa watu linatulia. Siku ya kwanza mwanangu wa miaka sita alipapasa dashibodi nzima akitafuta pa kugusa ili picha zije. Akakosa. Akaniuliza: "Baba, kwani halijamalizika?"

Viti ni vya plastiki nzito inayofutika kwa kitambaa. Dada yangu ni muuguzi, na katika gari zima alichokipenda ni hicho tu. Mtaona baadaye kwa nini.

Lakini jambo la kwanza kabisa nililoligundua halikuwa ndani ya gari, lilikuwa nje, machoni mwa watu. Tukiwa na kigari chetu cha zamani, kile ambacho vijana wa Dar wanakiita beibi-woka, hakuna aliyetutazama. Sasa wamachinga wakituona tunakaribia wanashika ncha nne za turubai, tayari kukimbia. Trafiki mmoja alitupigia saluti, halafu akajutia mkono wake. Kijijini, wazee walisimama pembeni mwa njia wakavua kofia, mpaka mjomba wangu alipochungulia dirishani na kuwaambia ni watoto wa fulani tu.

Kiswahili chenyewe kimeweka kumbukumbu ya magari ya wakubwa. Baada ya uhuru tulipata neno Wabenzi. Azimio la Arusha la mwaka 1967 liliwakataza viongozi wasiwe na mishahara miwili, wala hisa, wala nyumba za kupangisha, ila neno lile halikufa. Baadaye likaja shangingi, ambalo lilikuwa jina la mwanamke wa mjini, mjuaji, mwenye kujipamba, likahamia kwenye gari pana la kiongozi. Mkonga haumo katika orodha hiyo ya kejeli. Mkonga ni gari la kazi: la idara ya afya, la askari wa wanyamapori, la padri, la mradi wa maji, na ndiyo, la polisi pia. Mtu wa kawaida akiwa nalo anaonekana kama aliyevaa sare isiyo yake.

Hapo ndipo mshairi mmoja wa kijiwe chetu alipotuchoma. "Huo ni unyenyekevu wa bei mbaya," alisema. "Maskini hachagui kioo cha kuzungusha kwa mkono. Nyinyi mmechagua, halafu mnataka tuwasifu kwa kukosa friji."

Jamaa ana hoja, tena kali. Wapo watu mjini siku hizi wanaonunua urahisi kama wengine wanavyonunua dhahabu: viatu vya matairi dukani kwa bei ya viatu vya ngozi, nyumba ya udongo iliyochorwa na msanifu. Sisi hatukununua usahili ili tupendeze. Tulinunua kitu ambacho kikigoma mbele ya Matombo, fundi mwenye spana na subira anaweza kukifungua akakielewa. Hata hivyo nakiri (na hapa mshairi ananishinda) kwamba kuweza kutengenezeka porini nako ni anasa, na aliyezaliwa porini hana fedha ya kuinunua. Tena injini yetu hii, kwa moshi wake, isingeruhusiwa kusajiliwa ikiwa mpya katika nchi za Ulaya. Wanatuuzia kilichokatazwa kwao, nasi tunashukuru kwa sababu kinavuka mto. Utata huo nimeuacha kama ulivyo.

Wala tusidanganyane kwamba gari lenyewe lina wema. Mwaka 1987, katika vita vya Chad na Libya, pikapu za Toyota zilizofungwa silaha zilikimbizana jangwani na vifaru, na vita vile vikabaki na jina la gari. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani likaidhinisha Land Cruiser ya ukoo wetu huuhuu yenye jokofu la lita 396 nyuma, ya kupeleka chanjo kusikofikika. Mtengenezaji ni yule yule. Kwa hiyo anayeniambia kuwa ni "gari zuri", namuuliza: zuri kwenda wapi?

Sasa nirudi kwenye swali langu. Mwanafalsafa wa Kijerumani, Immanuel Kant (1724–1804), ndiye anayetajwa sana kwa ile hoja kwamba mtu hawezi kuwa na wajibu wa kufanya asichoweza kufanya. Kupaswa kunadai kuweza. Kant aliishi karibu maisha yake yote mjini kwao Königsberg na vitongoji vyake, hakuhitaji mkonga. Mimi nimeisoma hoja yake nikiwa nimekaa juu ya plastiki, nikaona kwamba ina mlango wa nyuma. Ikiwa nisichoweza hakinidai, je, siku nitakapoweza? Ukinunua uwezo, deni linaingia siku hiyohiyo, kimyakimya, pamoja na kadi ya gari.

Bibi yetu mzaa mama anakaa upande wa mashariki wa milima ya Uluguru. Unatoka Morogoro mjini, unaipita Mkuyuni, unaipita Matombo, halafu unaiacha njia kubwa na kuanza kubahatisha. Miaka yote ya beibi-woka, kati ya Machi na Mei hatukwenda. Haikuwezekana. Hata bodaboda zilivushwa mtoni zikiwa zimebebwa mabegani. Bibi alijua, mjomba alijua. Msiba ukitokea tulisema "barabara", harusi ikija tulisema "barabara", na neno hilo lilikuwa la kweli, tena lilikuwa jibu zima. Halikumuudhi mtu.

Aprili 2025, katikati ya masika, tulikwenda. Watu tisa, kwa sababu kwetu ukisema gari la familia hakuna anayejua familia inaishia wapi. Usiku wa pili, yapata saa nne, hodi. Wanaume wanne na machela ya miti miwili na blanketi. Juu yake binti wa mimba ya kwanza, uchungu tangu asubuhi, zahanati imeshasema apelekwe hospitali. Hakuwa ndugu yetu. Hakuna aliyetuomba kwa maneno. Waliitua machela karibu na gari, wakanyamaza.

Tulifika mtoni, maji yamejaa. Vijana wakasema: "Si lina mkonga?" Swali hilo bado nalisikia. Mkonga unazuia injini isinywe maji, hauzuii gari zima lisisukumwe. Mjomba akachomeka fimbo ukingoni, akamulika tochi, akasema, "Mpwa wangu, mto hausomi jina la gari. Tungoje." Tukangoja. Dada yangu nyuma, vidole juu ya mshipa wa mkono wa yule binti, akimwambia apumue, akipangusa kiti, akipangusa tena. Mume wake binti alikuwa akizunguka gari, kila akifika mbele anagusa lile bomba kama mtu anayegusa hirizi. Ilipofika saa kumi alfajiri fimbo ilikuwa imeachwa hatua tatu na maji. Tukavuka, giya ya kwanza, maji yakigonga milango. Saa mbili asubuhi tulikuwa hospitali. Akapasuliwa. Baada ya siku kadhaa alitoka na mtoto wake, wazima wote. Nilifurahi, na sitaki kujifanya sikufurahi.

Wiki ileile simu zikaanza.

Mzee wa kupelekwa kliniki ya macho. Maiti ya kurudishwa kutoka Morogoro. Magunia manne ya ndizi ambayo yataoza yasipofika sokoni Jumamosi. Mwalimu anayehamishwa, ana kitanda na kabati. Peter Singer, mwanafalsafa wa Australia, aliandika mwaka 1972 insha yenye mfano wa mtoto anayezama kwenye bwawa la kina kifupi: nani atamwacha afe kwa kuogopa kulowesha nguo? Halafu akadai kwamba umbali haupunguzi wajibu, wa mbali na wa karibu ni sawa. Nilipoisoma nikiwa chuo niliiona kali mno, hoja ya watu wenye ndege. Sasa gari limemsogeza Singer mpaka barazani kwetu. Nguo zetu hazilowi hata, viti vinafutika.

Ila mfano wake una mtoto mmoja na bwawa moja. Wetu una simu inayoita kila jioni. Mke wangu alinikalisha chini, akaniuliza bila utani: "Tumenunua gari, au tumenunua zahanati?" Mkopo ni wake pia. Usingizi ni wake pia. Nami nimeona kwamba ule uwezo tulioununua haumo kwenye chuma peke yake. Umo kwenye dizeli, kwenye likizo, kwenye mgongo wa dereva, kwenye jicho la mjomba linalojua kusoma maji. Chuma kinaweza kufika karibu kila mahali. Sisi hatuwezi.

Basi si kwamba sasa nadaiwa kila kitu. Kilichobadilika ni kidogo kuliko hapo, na kinaniuma zaidi. Zamani ilikuwa barabara inayosema hapana kwa niaba yangu. Niliipenda barabara ile mbovu kuliko nilivyojua. Sasa hapana ni lazima itoke kinywani mwangu, na mwenye ndizi anataka kujua kwa nini yeye na si mwenye macho. Nilimkatalia mwalimu. Kabati lake, nilisema, halifi. Alinijibu kwa upole sana kwamba ni kweli, halifi, akakata simu. Hoja yangu ilikuwa sahihi, na sikulala vizuri.

Tumejaribu kuandika daftari, linakaa kwenye dashibodi pale mwanangu alipotafuta picha. Wagonjwa na misiba bure. Mizigo, mwenyewe ajaze mafuta. Wanasiasa, hapana kabisa. Limetusaidia, ingawa tayari kuna mizigo mitatu iliyosafiri ikiwa imelala chini ya mgonjwa.

Dada yangu ana pendekezo lake, nalo ndilo linalotugawa. Anasema gari libaki kijijini kila masika, Machi mpaka Mei, mtoto wa mjomba afundishwe kuliendesha na leseni apate, sisi Dar tupande daladala. Dar kuna daladala, anasema, kule hakuna kitu. Mke wangu anauliza nani atawapeleka watoto shule, na kwa nini tulipe marejesho ya gari tusilolipanda. Shemeji yuko upande wa mke wangu. Mimi, baada ya kujifikiria sana, niko upande wa dada. Wawili kwa wawili. Na mjomba, ambaye hajaulizwa na mtu yeyote, ameshahamisha mbuzi wake na kuanza kuongeza paa la banda.