Mapatano na Haki ya Mgawa Karata

Hatuandiki kuusifu mchezo wa karata wa fedha; Wakristo wengi hujitenga nao, wala hatumshawishi mtu kuuingia. Lakini haki yaulizwa po pote watu wagawanapo mali, hata mezani pa karata.

Katika Marekani hufanywa mashindano madogo ya karata yaitwayo poka. Kila mtu hutoa kiingilio, hupewa vipande vya kuhesabia visivyo fedha, na zawadi hupewa wale wadumuo mpaka mwisho. Wakisalia wachache, dau la lazima limekwisha kupanda sana, na bahati hutawala kuliko akili. Ndipo husema, "Na tupatane, tugawane."

Wagawaneje? Tuseme wamebaki wawili. Zawadi ya kwanza ni dola 600, ya pili 400. Mmoja ana robo tatu za vipande, mwenzake robo moja. Mwenye vingi asema, "Tugawe dola 1,000 kwa hesabu ya vipande: mimi 750, wewe 250." Neno hili lafanana na haki, wala si haki. Maana yule wa pili, hata akishindwa, ana 400 zake; na wa kwanza, hata akishinda, hapati zaidi ya 600. Iliyo sawa ni kila mtu kushika 400 kwanza, kisha 200 zilizosalia zigawanywe, 150 na 50. Basi mmoja apata 550, mwenzake 450.

Swali hili ni la kale. Mtawa Luca Pacioli wa Italia aliliandika mwaka 1494, akagawa kwa kadiri ya ushindi uliokwisha kupatikana. Mwaka 1654 Pascal na Fermat, Wafaransa, waliandikiana barua, wakaonyesha ya kuwa yatupasa kutazama yaliyosalia, yaani njia zote ambazo mchezo ungeweza kwishia.

Mithali yasema, Mwenye nguvu mpishe. Lakini katika mapatano hiyo si sheria. Asiyetaka kugawana asichukiwe, na asiyejua hesabu asidanganywe. Ridhaa ya asiyefahamu si ridhaa.

Tena yupo mtu asiyeulizwa neno katika mapatano hayo: mgawa karata. Sheria ya taifa la Marekani, tangu mwaka 1991, huruhusu mtumishi apokeaye bakshishi alipwe na bwana wake dola 2.13 tu kwa saa, ikiwa bakshishi yatimiza kima cha chini cha mshahara. Majimbo mengi yadai zaidi. Na kwa kuwa vipande si fedha, mgawaji hungoja mwisho. Mwisho ukija kwa mapatano, kila mmoja hudhani mwenzake atampa, naye huenda mikono mitupu.

Je, bakshishi ni zawadi au deni? Wengine husema, deni ni la bwana wake. Ni kweli, lakini kosa la bwana halimshibishi mtumishi. Kwanza waulize kama mwenye nyumba amekwisha kukata fungu la watumishi, maana mahali pengine hufanya hivyo. Kama hakukata, na walitenge wao kabla ya kugawana, si baadaye. Kwa sheria ni zawadi. Kwa dhamiri ni deni.

Nasi tusioshika karata twagawana urithi, mavuno na faida za shirika. Basi tujiulize: Je, aliye dhaifu kati yetu amefahamu? Na yeye aliyetutumikia, amekumbukwa?