Jeraha la Wakati na Kosa la Mtunzi

Mtu aliyekabidhiwa nyumba ya marehemu aitunze hana budi kujiuliza jambo moja kabla hajashika mwiko na chokaa: je, kazi yake ni kuitunza nyumba ile aliyoijenga marehemu, au ni kujenga ile ambayo yeye mwenyewe angependa marehemu angeijenga? Swali hili ni jepesi kulijibu mtu akiwa ameketi barazani. Ni zito akiwa juu ya ngazi, mbele ya ukuta uliopinda, asiweze kujua kama ukuta ule ulipindishwa na mvua au ulijengwa hivyo tangu siku ya kwanza. Wahenga walinena kwamba kipya kinyemi, ingawa kidonda. Walitujua vyema. Walijua kwamba mkono wa mwanadamu hauna subira mbele ya kitu kikuukuu.

Katika insha hii tunakusudia kulipima swali hilo kwa mfano ambao huenda ukamshangaza msomaji: kufufuliwa kwa filamu ya zamani ya Kiitalia na kutolewa upya ili watu waitazame majumbani mwao. Filamu yenyewe inaitwa Ercole al centro della Terra, yaani Ercole katika kitovu cha dunia. Iliongozwa na Mario Bava na kutolewa mwaka 1961. Ercole ndiye yule shujaa mwenye nguvu wa hadithi za Wayunani, ambaye Waingereza humwita Hercules. Hatukuichagua kwa sababu ni kazi tukufu. Tumeichagua kwa sababu ni kazi ya kawaida, iliyotengenezwa kwa fedha chache ili kuwaburudisha watu. Kazi tukufu hulindwa na utukufu wake, maana kila aigusaye hutetemeka. Kazi ndogo haina mlinzi ila dhamiri ya yule aliyeishika. Uaminifu wa mtu haupimwi kwa kasha la dhahabu lenye askari mlangoni. Hupimwa kwa shilingi moja iliyosahauliwa mezani.

Bava alizaliwa mwaka 1914 mjini Sanremo na akafariki mwaka 1980. Kabla ya kuwa mwongozaji alikuwa mpiga picha, na ndiye aliyeipiga picha filamu ya Pietro Francisci ya mwaka 1958, Le fatiche di Ercole, ambayo kufaulu kwake kulizaa msururu wa filamu za mashujaa wenye misuli katika Italia. Zamu yake ya kumwongoza Ercole ilipofika hakupewa mali nyingi. Alikuwa na taa za rangi, moshi, na nguzo chache za mapambo zilizoweza kuhamishwa kutoka pembe hii hadi ile. Kwa vitu hivyo alijenga kuzimu. Reg Park, Mwingereza mtunisha misuli, alikuwa Ercole, na Christopher Lee akawa Lico, mtawala mwovu mwenye mapatano na nguvu za giza.

Kisa chenyewe ni hiki. Ercole anarudi kutoka safarini na kumkuta mpenzi wake Deianira amepotewa na akili. Anaambiwa na kahini kwamba hakuna dawa ila jiwe la kusahau, na jiwe hilo liko kuzimu. Anakwenda kulitafuta pamoja na rafiki yake Teseo. Huko Teseo anampenda binti wa mfalme wa kuzimu na kumtoa kwa siri, na kwa sababu hiyo balaa inaishukia nchi. Mwishowe binti anarudi alikotoka, na Teseo anaondolewa kumbukumbu ya mapenzi yake ili aweze kuishi. Tunamwomba msomaji aliweke jiwe hilo akilini, kwa kuwa tutalirudia.

Sasa tutazame namna filamu inavyokufa. Ukanda wa filamu za wakati ule ulifanywa kwa asetati, na asetati ikiwekwa mahali penye joto na unyevu huanza kuoza na kutoa harufu ya siki. Ukanda hupungua urefu, hujikunja, na tabaka lenye picha huanza kubanduka. Kila mara filamu inapopita katika mashine ya kuonyeshea hupata mikwaruzo, na inapokatika huungwa, na kila inapoungwa picha kadhaa hupotea. Rangi nazo hazifi kwa pamoja. Katika nyingi za kanda za rangi za zama zile, rangi ya buluu-kijani ndiyo hufifia upesi kuliko nyingine, na picha nzima hubaki ikiwaka wekundu, kama kitambaa kilichosahauliwa juani.

Kumrudisha mgonjwa huyu si kazi ya siku moja. Filamu hupita machoni kwa picha 24 kwa kila sekunde. Kwa hiyo filamu ya dakika 80 ni picha zaidi ya 115,000. Mafundi hutafuta kanda zilizosalia, huzilinganisha, huzisafisha, huziba machaniko, kisha kila picha hupigwa upya kwa mashine na kuingizwa katika kompyuta. Kutoka hapo fundi aweza kufuta mkwaruzo, kutuliza picha inayotikisika na kurudisha rangi iliyofifia. Na hapo ndipo penye hatari, maana kompyuta haijui tofauti kati ya kurudisha na kubadilisha. Yenyewe hutii tu. Anayepaswa kujua ni mtu.

Tuanze na rangi. Tumesema kwamba filamu ikizeeka hugeuka kuwa nyekundu. Lakini Bava mwenyewe alipenda wekundu. Aliwamulika waigizaji kwa taa nyekundu upande mmoja na buluu au kijani upande wa pili, bila kujali kama kuna taa ya namna hiyo katika kuzimu au duniani. Fundi anayeutazama ukuta wa pango uliojaa wekundu afanye nini? Akiuondoa wote, huenda akawa amemvua Bava vazi lake. Akiuacha wote, huenda akawa ameuvika ugonjwa taji na kuuita sanaa. Hakuna njia ila kutafuta shahidi: nakala ya zamani iliyochapwa kwa rangi zisizofifia upesi, au mtu aliyekuwapo, au kazi nyingine za mkono uleule. Na pale ambapo shahidi hapatikani, fundi hana budi kuamua na kukiri wazi kwamba ameamua yeye.

La pili ni udhaifu wa kazi yenyewe. Katika filamu za namna hii shujaa huinua jabali kubwa, na mtazamaji mwenye macho makali huona kwamba jabali halina uzito. Wafu huruka hewani, na aliyewarusha ni waya. Zamani, nakala iliyochakaa na mwanga hafifu wa ukumbi vilifunika mengi. Leo picha iliyosafishwa huanika kila kitu. Basi kishawishi huja: kwa nini tusiufute waya? Bava mwenyewe, kama angalikuwa na uwezo, asingaliufuta?

Huenda angaliufuta. Lakini hatumtengenezei Bava aliyekuwa na uwezo. Tunamtengenezea yule aliyeishi. Hapa ndipo tunapoona mpaka ambao insha hii inautetea. Kuna jeraha la wakati na kuna kosa la mtunzi. Jeraha la wakati ni mkwaruzo, kufifia, kuoza, kukatika. Mtunzi hakulitaka na watazamaji wake wa kwanza hawakuliona. Kuliponya ni haki yake. Kosa la mtunzi ni sehemu ya kazi yake, kama vile kigugumizi ni sehemu ya sauti ya msemaji. Jabali lisilo na uzito hutuambia habari za kweli: kwamba mtu fulani, mwaka 1961, mwenye fedha chache, aliazimia kutuonyesha nguvu za shujaa na akathubutu. Tukilipa jabali lile uzito kwa kompyuta, tutakuwa tumepata jabali na kumpoteza mtu.

La tatu ni gumu zaidi, kwa maana linatikisa hata neno lenyewe la “asili”. Katika Italia ya zama zile ilikuwa desturi kupiga picha kwanza na kutia sauti baadaye. Waigizaji wa lugha mbalimbali walisimama pamoja mbele ya kamera, kisha sauti zikatiwa na watu wengine chumbani. Christopher Lee alijulikana duniani kote kwa sauti yake nzito, lakini katika filamu hii hata toleo la Kiingereza halina sauti yake. Aidha, kila nchi ilipewa filamu yake. Marekani iliionyesha mwaka 1964 kwa jina la Hercules in the Haunted World. Ujerumani iliiita Vampire gegen Herakles, yaani wanyonya damu dhidi ya Herakles. Ni ipi basi iliyo ya kweli?

Filamu hii ilipotolewa mwaka 2019 katika diski za Blu-ray na kampuni ya Kino Lorber ya Marekani, matoleo matatu yaliwekwa pamoja: la Kiitalia, la Uingereza na la Marekani. Sisi twaliona jambo hili kuwa la hekima kuliko usafi wowote wa picha. Anayeweka mashahidi watatu mezani amekiri kwamba yeye si hakimu wa mwisho. Amemwachia mtazamaji, aliyeketi nyumbani kwake, haki ya kulinganisha.

Kuna watakaotupinga. Watasema kwamba mtazamaji wa nyumbani amechoka na kazi za mchana, amenunua diski yake ili aburudike, wala hakuomba somo la uaminifu. Wafu wamekwisha kufa. Walio hai nao wana haki zao. Hoja hii haifai kudharauliwa. Filamu isiyotazamwa ni maiti hata kama imetunzwa barafuni, na anayeitengeneza ili itazamike anafanya wema. Lakini haki ya walio hai haimalizikii kwetu. Baada yetu watakuja wengine, nao watakuwa na macho yao na maswali yao. Tukiufuta waya na kutupa ukanda uliokuwa na waya, tutakuwa tumejiburudisha kwa mali ya wajukuu.

Msomaji atauliza: haya ya Italia yanatuhusu nini sisi, katika kitabu cha utamaduni wa taifa? Yanatuhusu kwa sababu nasi tu mafundi wa kazi hiyohiyo. Tungo zetu za kale ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, ambazo kwa kawaida hazikutenga o na u, wala e na i. Kila aliyezinakili kwa hati za Kirumi alilazimika kuchagua, kama fundi anayechagua kati ya wekundu wa Bava na wekundu wa uzee. Tungo za Muyaka bin Haji wa Mombasa zingetupotea nyingi kama Mwalimu Sikujua hangemsaidia W. E. Taylor kuzikusanya, hata zikafika kuchapwa mwaka 1940 chini ya uhariri wa W. Hichens. Twawashukuru. Na shukrani yetu ingekuwa kubwa zaidi kila mahali ambapo mkono wa mkusanyaji umejitenga wazi na mkono wa mtunzi.

Tuna sababu ya kulisema hili kwa unyenyekevu. Tulipokuwa vijana katika utumishi, tulipewa kazi ya kutayarisha tungo za wazee zichapwe. Ulikuwamo utenzi wa bibi mmoja wa pwani ya kusini, mstari wake mmoja ukiwa na mizani saba badala ya nane. Tuliona ni kosa, tukaongeza silabi moja. Kitabu kilipotoka tulimpelekea, tukampa shikamoo, tukamsomea kwa fahari. Alisikiliza hadi pale, akainua mkono. “Mjukuu wangu,” alisema, “hapo ndipo ninapovuta sauti.” Ile mizani ya nane haikupungua, ilikuwa katika pumzi yake. Tulirudi ofisini kuitafuta karatasi ya awali, na karatasi ilikuwa imekwisha kuteketezwa pamoja na nyingine zilizodhaniwa kuwa zimemaliza kazi. Bibi yule sasa ni marehemu. Mstari unasomwa hadi leo kama tulivyoufanya sisi, nao hauna kasoro yoyote, na si wake.

Tangu siku ile tumeshika kanuni tatu, ambazo twaziona zinamfaa fundi wa filamu kama zinavyomfaa mhariri wa tungo. Ponya jeraha la wakati, lakini usiliguse kosa la mtunzi kabla hujajua kwamba ni kosa. Na ukijua, liache. Sema wazi ulichofanya, ili ajaye baadaye aweze kukitengua. Na kamwe usiteketeze kile ulichokikuta.

Tulisema tutalirudia jiwe la kusahau. Katika kisa cha Bava jiwe lile ni dawa: humtuliza mtu kwa kumwondolea alichokipenda. Ukarabati usio wa kweli ni jiwe la namna hiyo. Hutupa kitu kizuri, kinachong'aa, kisicho na mkwaruzo, na katika kutupa hutusahaulisha kwamba palikuwa na kitu kingine. Teseo aliamka akiwa mzima, hana maumivu. Aliyekuwa amempenda alikuwa ameondoka, naye hakujua kwamba kuna wa kumlilia.