Daktari wa Familia na Macho ya Watu

Msomaji kijana, mjini Thika kipo Chuo Kikuu cha Mount Kenya, na karibu na Ruiru kipo Chuo Kikuu cha Kenyatta. Vyote viwili hufundisha udaktari. Waulize wanafunzi wao watakuwa madaktari wa nini. Yamkini wengi watakujibu: wa upasuaji, wa moyo, wa watoto. Atakayesema, "Daktari wa familia," huenda akasema kwa sauti ndogo.

Daktari wa familia ni yule asiyejifunga na kiungo kimoja cha mwili. Humtibu bibi mwenye kisukari, mkaza mwana mwenye mimba, na mjukuu mwenye kikohozi. Tena hukumbuka kuuliza kama nyumbani kwao jiko la makaa huwashwa ndani ya chumba cha kulala. Huo nao ni ubingwa. Hapa Kenya ulianza kufundishwa mwaka 2005 katika Chuo Kikuu cha Moi, Eldoret, kwa watu waliokwisha kuwa madaktari.

Basi, ni nini kimfanyacho mwanafunzi auchague au auache? Fedha ina sehemu yake, wala si haki kumlaumu mwenye wazazi wa kuwatunza. Mfano mwema una sehemu yake pia: aliyefunzwa katika wodi kubwa tu huujua ugonjwa, lakini aliyekaa na daktari hodari katika kituo cha afya humjua mgonjwa na kwao. Walakini nguvu ipitayo hizo zote, nionavyo mimi, ni sifa.

Nguvu hiyo niliiona katika chuo cha ualimu. Karibu sote tulitaka kufundisha madarasa ya juu. Aliyelitaka darasa la kwanza tulimcheka. Lakini asiyefundishwa kusoma huko, atafika wapi? Tulichagua kwa macho ya watu, tukidhani tumechagua kwa akili zetu.

Mtu atasema kuwa bila bingwa wa moyo, mgonjwa wa moyo atakufa. Ni kweli. Lakini ni nani atakayeutambua ugonjwa mapema, ampeleke kwa bingwa huyo kabla ya saa ya hatari?

Kwa hiyo, wewe utakaye kuwa daktari, jiulize: kama hakuna ambaye angekijua cheo changu, ningeichagua kazi hii? Na wewe usiyetaka udaktari, uchunge ulimi wako. Siku utakapomwambia ndugu yako, "Kumbe wewe ni daktari wa kawaida tu," huenda ukawa umeipunguzia nchi daktari mmoja.