Mzazi wa Kwenye Skrini na Haki ya Mlalamikaji



Wengi wetu tutaishia kusimama mbele ya darasa, iwe shuleni au madrasa. Tunafunzwa kuandaa somo na kutunga mtihani. Kukaa na mzazi aliyekuja na hasira ni jambo tunaloachiwa tujifunze hukohuko kazini, na anayelipia makosa yetu ni mzazi yule na mwanawe.

Marekani baadhi ya vyuo vya ualimu havisubiri hadi hapo. Katika Chuo Kikuu cha Central Florida ulibuniwa mfumo uitwao TeachLivE. Mwanafunzi wa ualimu husimama mbele ya skrini akazungumza na sura iliyotengenezwa kwa kompyuta, na nyuma yake yupo mtu halisi anayeiendesha na kuipa sauti. Sura hiyo yaweza kuwa ya mwanafunzi, na yaweza kuwa ya mzazi. Wazo lenyewe lilianza kwa madaktari: mwaka 1963 huko Los Angeles, Dkt. Howard Barrows alianza kuwafunza wanafunzi wake kwa kutumia watu walioigiza ugonjwa.

Najiuliza: anayejizoeza kumhurumia mzazi asiyekuwepo anajifunza huruma, au anajifunza unafiki?

Imam al-Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, anatusaidia katika Ihya. Anaeleza kwamba tabia njema hupatikana kwa kujilazimisha kutenda matendo yake mpaka yawe maumbile. Anayetaka ukarimu hutoa, ijapokuwa moyo unasita. Basi kujizoeza si unafiki. Mnafiki huigiza ili aonekane mwema, na anayejizoeza huigiza ili awe mwema. Kinachowatenganisha ni nia.

Hofu yangu iko kwingine. Katika zoezi la namna hii ni rahisi kuhesabu kwamba mwalimu amefaulu pale mzazi anapotulia. Tuseme mama amekuja kulalamika kwamba mwanawe alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo, na aliporejea akakuta mtihani umepita. Mwalimu akamsikiliza kwa upole, akampa pole, mama akaondoka akishukuru. Mtihani je? Mtoto bado hana alama. Kumtuliza mwenye haki bila kumpa haki yake ni kumdhulumu kwa sauti laini.

Tumkumbuke Khawla bint Tha'laba (r.a.). Alimwendea Mtume (S.A.W.) kumlalamikia mumewe, aliyemfananisha na mgongo wa mamake kama walivyofanya watu wa Jahiliya. Alijadiliana, wala hakunyamaza. Mwenyezi Mungu akayasikia malalamiko yake, zikateremka aya za mwanzo za Suratul Mujadila. Aya hizo hazikumliwaza tu. Ziliyaita maneno yale kuwa ni mabaya na ya uongo, zikamwekea kafara kila anayeyasema kisha akataka kumrudia mkewe. Mwanamke mmoja alilalamika, na hukumu ikawekwa kwa umma mzima.

Kwa hiyo siipingi skrini, na tusipokuwa nayo tusijione tumekosa kitu kikubwa. Hapa Uganda mwenzako anaweza kuigiza mzazi, tena kwa Kiganda, Kisoga au Kiswahili, lugha ambazo wazazi wetu watazitumia kulalamika. Ila zoezi likiisha, tusiulizane tu kama mzazi ametulia. Tuulizane ana haki gani, nani ataitekeleza, na lini. Na tusisahau kwamba zoezi hurudiwa, lakini mzazi aliyevunjiwa heshima mbele ya mwanawe huenda asikanyage tena shuleni.

Mwenyezi Mungu atujaalie masikio yanayosikia na mikono inayotimiza. Amin.