Nani Analipia Urafiki Huu?

Tuna mazoea ya kusifu kutegemeana bila kuuliza bei. Mtu akisema kidole kimoja hakivunji chawa, tunaitikia. Jioni ya siku hiyo hiyo mwingine anatuonya kwamba mtegemea cha nduguye hufa maskini, na hapo pia tunaitikia. Methali zote mbili ni za kweli, kwa hivyo kuna swali katikati yake ambalo tunaliruka: kutegemeana ni kwema lini, na ni lini kunageuka mzigo wa mmoja huku wote wakisifiwa?

Swali hili mimi lilinijia kupitia samaki. Uandishi peke yake haulipi kodi ya nyumba, kwa hivyo nina kibarua cha kuosha matangi ya samaki kwenye nyumba za watu hapa Nairobi. Kuna ombi ambalo halikosekani. Mtu ameshanunua samaki klauni wawili, wale wa rangi ya machungwa wenye mistari myeupe, ambao tangu ile filamu ya mwaka 2003 kila mtoto anawaita Nemo. Sasa anataka na anemoni wa kuwawekea. Ananiambia, "Si hawa huishi pamoja? Naona wamekaa wapweke." Anasema kwa roho safi kabisa, na ndiyo maana jibu lake si rahisi.

Baharini, mtu huyu angekuwa amesema kweli. Anemoni ni mnyama, ingawa ukimwona unaweza kuapa ni ua. Amejishikiza mwambani kwa mguu wake mmoja mpana, na juu ana minyiri yenye sumu inayochoma. Samaki wengi wakiigusa wanageuka chakula. Klauni haumii, kwa sababu ya ute unaofunika ngozi yake, basi humo ndimo anamolala na kujificha, na mayai yake anayataga mwambani kando ya mwenyeji wake. Lakini hakai bure. Anawafukuza samaki wanaokuja kuila minyiri. Uchafu wake unakuwa mbolea ya anemoni na ya vijimwani vidogo mno vinavyoishi ndani ya mwili wa anemoni, ambavyo vinamtengenezea chakula kwa mwanga wa jua. Hata usiku, klauni akipepea mapezi, anamsukumia mwenzake maji yenye hewa safi. Pwani yetu wapo pia: Amphiprion allardi, kwa mfano, si yule wa filamu, ni mweusi mweusi hivi, na mistari yake myeupe ina ubluu kidogo.

Angalia kitu kinachoshikilia mapatano hayo. Ni hatari. Klauni ni muogeleaji dhaifu na bahari imejaa midomo. Anemoni naye ana wanaomla, na hawezi kukimbia. Kila mmoja anamlinda mwenzake dhidi ya kitu halisi.

Sasa walete wote wawili kwenye tangi la sebuleni. Nani atamla klauni humo? Hakuna. Wengi wanaouzwa siku hizi wamezaliwa kwenye matangi, hawajawahi kuona bahari, na wanaweza kuishi miaka mingi bila anemoni wakilala kwenye kona karibu na pampu. Ukiwawekea anemoni, wengine wanamkubali siku hiyo hiyo, wengine wanampita miezi kama jirani wa ploti. Hawakuwa wapweke. Upweke tuliuona sisi.

Anemoni, kwa upande wake, amebeba karibu gharama yote. Anahitaji taa kali, si taa ya urembo. Anahitaji chumvi na joto visivyobadilika, na tangi lililokaa miezi likatulia. Stima ikipotea, pampu inanyamaza na hewa inaanza kupungua majini. Asiporidhika na mahali, anang'oka na kutembea, na safari hiyo mara nyingine inaishia kwenye pampu, ambako anakatwakatwa. Akifa, anaoza haraka na kuweza kuwaua wale wale samaki aliyeletwa kuwaliwaza. Hata klauni mwenyewe, akiwa mkubwa na anemoni mdogo, humsumbua kwa kumjia jia mpaka anajifunga asile.

Kwa hivyo tukihesabu kwa haki: klauni anapata kidogo, anemoni anatoa kingi, na anayefaidi hasa ni wa tatu, aliyekaa kwenye kochi. Urafiki ulioumbwa na hatari umebaki kuwa picha ya urafiki. Na ile picha ina anayeilipia.

Najua nitaambiwa, "Wewe nawe, anemoni hana ubongo." Ni kweli hana, ana mtandao tu wa mishipa ya fahamu. Sitadai kwamba analia usiku. Lakini mnyama anayehama kutafuta mwanga ulio bora ameshatuonyesha kwamba kwake kuna pazuri na pabaya. Hilo linatosha kuanzia. Hatuhitaji kuthibitisha kwamba kiumbe ana huzuni kama yetu ndipo tuache kumtumia kama pambo la huzuni tuliyoibuni.

Nitaambiwa pia kwamba bahari yenyewe haiko salama. Mwaka 1998 joto la maji liliua sehemu kubwa ya matumbawe ya pwani ya Kenya, na anemoni nao hupauka maji yakizidi joto. Je, tangi si kimbilio? Linaweza kuwa. Lakini anayeokoa huanza kwa kuuliza aliyeokolewa anahitaji nini. Hachagui kwa rangi inayoendana na mapazia.

Kuna kisa ninachokipenda hapa. Mwaka 1828, John Dalyell wa Scotland alimtoa anemoni mmoja ufukweni akamweka kwenye chupa ya kioo. Hakuwa aina inayoishi na klauni, alikuwa mwekundu wa kawaida wa maji baridi. Dalyell alifariki mwaka 1851. Anemoni akapokewa na mtu mwingine, kisha mwingine, wakimbadilishia maji ya bahari na kumlisha. Walimwita Granny, yaani Nyanya. Alikufa mwaka 1887. Watu hao hawakuwa na taa wala pampu. Walichokuwa nacho ni utayari wa kufanya, siku baada ya siku, kazi ambayo bahari ilikuwa ikiifanya bure. Ukimtoa kiumbe baharini, ile kazi ya bahari haifi. Inahamia kwako.

Hii si habari ya samaki tu. Dada yangu alinilipia karo ya chuo mihula mitano. Mpango huo waliukata wazee wakinywa chai: yeye alipe, mimi nisome, kesho nimwinue. Kila mtu aliuita kusaidiana, na ulipendeza kuutazama. Hakuna aliyemuuliza yeye analala saa ngapi, au mimi nasomea nini. Niliacha chuo kwa sababu kadhaa, moja ikiwa kwamba nilianza kuona ni nani anachomeka na ni nani anapiga makofi. Jamaa wengine hadi leo wananihesabia hasara. Dada hajawahi. Siku hizi tunasaidiana kwa kidogo kidogo, yeye akikwama mimi natuma, mimi nikikwama yeye anatuma, na hakuna aliyetupangia. Hakupendezi kama zamani. Ila sasa kila mmoja anaweza kusema hapana, na anemoni angekuwa na mdomo wa kusema, nadhani hilo ndilo angeliomba kwanza.

Kwa hivyo sisemi tuvunje matangi. Kazi hiyo inanilisha, na nimewahi kumtazama klauni akijitumbukiza kwenye minyiri ile mpaka nikasahau kitambaa mkononi. Ninachosema ni kwamba mpangilio wa maswali ubadilike. Mtu akiniuliza leo, namwambia: samaki wako wako sawa, waache. Kama ni anemoni unayemtaka, basi mtake yeye mwenyewe. Jenga tangi la anemoni kwanza, taa yake, maji yake, chanzo cha stima ya dharura, ungoje miezi. Tafuta wa aina ya Entacmaea quadricolor, ambaye hujigawa wawili hata akiwa tangini, ili usimlipe mtu kung'oa mwingine mwambani. Funika mdomo wa pampu. Halafu kama klauni atahamia, ahamie. Kama hatahamia, usimsukume.

Wengi wakisikia hivyo wanaghairi, na hilo pia ni jibu zuri. Mmoja tu, mama mmoja mzee, alinisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza: "Na mimi nikienda, mwanangu, nani atamwangalia?" Yeye ndiye pekee ninayeweza kumpelekea anemoni bila wasiwasi.